Filimbi Ninayomdai Marehemu

Mwaka mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka minane, na shida zangu zilianzia hapo. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto kama watoto wengine, nakula, nalala, nachapwa kidogo, basi. Baada ya hapo nikawa mtoto wa kuulizwa, huyu atakaa na nani. Na waliuliza mimi nimeketi hapo hapo ninasikia, kama vile wanamzungumzia mbuzi aliyeachwa na mwenyewe.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mganga mmoja mzee sana, ambaye tangu utoto wetu tulimwita Fundi. Jina lake silitaji, ana wajukuu. Alizikwa na watu wengi, na alisifiwa mpaka masikio yakaniwasha. Walisema alikuwa mtu aliyeweza kuleta mvua. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Mvua hiyo wanayoisema miye naijua, nilikuwepo, na kilichotolewa ili inyeshe kilikuwa changu. Shule nimeishia darasa la pili, lakini yaliyonipata siandikiwi na mtu.

Nilibaki kwa Bibi mzaa mama, Maparoni, kwenye delta karibu na bahari. Ninyi wa rika langu mnajua maisha ya mpunga yalivyokuwa. Mashamba yako mbali na nyumba, kwa hiyo msimu ukifika mnahamia huko na vyungu vyenu na kuku wenu, mnaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Kazi ya mtoto ilikuwa kuamia ndege. Tangu kunakucha mpaka jua linazama uko juu ya dungu, unavuta kamba yenye makopo, unarusha udongo kwa kombeo, unapiga kelele mpaka koo linakuwa na ladha ya damu. Ndege wale wadogo hawamwogopi mtoto. Wanaruka wote kwa pamoja, wanazunguka, wanatua pale pale. Bibi alikuwa akienda kukata ukindu au kutega samaki, mimi nabaki peke yangu na shamba zima.

Baba alikuwa mtu wa Mloka, huko juu kabisa ya mto karibu na pori la wanyama. Walikuwa wameachana na mama siku nyingi. Alikuja siku ya arobaini, vumbi la safari limempanda mpaka kwenye nyusi. Mjomba Selemani, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, hakumwuliza kama anataka kunichukua. Alimwambia tu kwamba mtoto wa kike atakaa ujombani. Baba akasema sawa. Nilimkasirikia kwa ile sawa yake.

Jioni alinikuta nimekaa nyuma ya jiko. Akaniuliza kama naogopa kukaa dunguni peke yangu. Nikamwambia naogopa. Nilitegemea aniambie usiogope, kama walivyokuwa wakiniambia wote. Yeye akasema, "Hata mie naogopa. Kule kwetu tembo akiingia shambani, mtu anapiga filimbi yake, jirani naye anajibu kutoka dungu lake. Tembo haondoki, lakini unajua hauko peke yako."

Akasema atanichongea filimbi ya mpingo. Akachukua ukindu wa Bibi, akaunyoosha juu ya goti lake, akaniambia niweke vidole kama ninayeipiga. Kila kidole kilipokaa akafunga fundo. Halafu akauzungusha ule ukindu, akautia ndani ya kofia yake, akaivaa. Kesho yake akaondoka.

Nikaanza kusubiri.

Kulikuwa na mtu wa vyungu aliyekuwa akishuka na mtumbwi kutoka juu kuja kuuza huku kwetu. Kila akifika nilikuwa wa kwanza ufukweni. Hata hajafunga kamba namuuliza, "Baba amekupa kitu?" Naye anajibu yale yale, baba yako anakusalimu, anasema mti bado haujakauka. Anapita mwezi, anarudi. Mti bado haujakauka. Bibi alianza kunitania, "Mke mwenzangu, huo mti wako utakauka na sisi tumekwisha kufa."

Sasa mimi mpingo nilikuwa sijauona. Miti niliyoijua ni mikoko, ambayo imesimama majini maisha yake yote. Kwa hiyo nilijua mti wa baba umesimama uani kwake, mbichi, unalowa kila mvua ikinyesha, na baba amekaa chini yake na kisu mkononi anaungoja ukauke kama mtu anayengoja shuka kwenye kamba. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mpingo unakatwa, unawekwa kwenye uchaga juu ya moto wa jiko, moshi unaukausha polepole, na kwamba ukiutoboa mbichi unapasuka. Mtu angenieleza hivyo kwa sentensi moja, haya mengine yote yasingetokea.

Basi, mwanzoni mwa msimu wa pili, watu walikuwa wakiomba mvua. Baada ya sala ya magharibi wanainua mikono, na mimi nilikuwa nainua yangu pamoja nao, naomba isinyeshe. Niliomba kwa moyo. Nilimweleza Mungu vizuri kwamba sitaki isinyeshe kabisa, nataka isinyeshe Mloka tu, lakini kama kutenganisha ni kazi basi azuie yote kwa muda mfupi. Siri hii nilimwambia Zuhura, mtoto wa Mjomba, tuliyekuwa tukilala mkeka mmoja.

Mvua ikachelewa. Mto ukapungua nguvu, na ninyi wa delta mnajua mto ukipungua nguvu kinachofuata ni nini. Bahari inapanda. Maji ya chumvi yaliingia mashambani, mpunga ukaanza kuungua kuanzia ncha za majani, ukawa mwekundu, halafu mweupe. Ukivunja jani ukalilamba unasikia chumvi. Watu walikuwa wakisimama kwenye tuta wanatazama tu. Nyumbani tukaanza kula mara moja, na hiyo mara moja Bibi alikuwa akisema ameshiba kabla ya sisi.

Katikati ya njaa hiyo baba akaja.

Aliniletea filimbi imefungwa kwenye kipande cha kanga. Nilipoifungua, kitu cha kwanza ilikuwa harufu. Ilikuwa inanukia moshi, na ndani ya ule moshi utamu wa mti uliotobolewa kwa chuma cha moto, na juu yake mafuta ya nazi aliyoyapaka. Nyeusi, nzito kuliko nilivyodhani, baridi hata kwenye jua. Ilikuwa na matundu sita. Nikaweka vidole, kila kidole kikaingia mahali pake. Sikuhitaji kutafuta. Baba alinitazama nikitia vidole akacheka peke yake, kisha akanifundisha wito mmoja tu, sauti tatu, wa kumwambia jirani mtu yupo. Alisema nyimbo zitakuja zenyewe.

Mjomba hakumtandikia mkeka. Baba alilala kwa jirani siku mbili, akaondoka. Mimi nikapanda dunguni. Ndege wa kuamia hawakuwepo, mpunga wenyewe ulikuwa umekwisha. Nikakaa juu ya shamba lililoungua napiga wito wangu, mtu yupo, mtu yupo, na nilikuwa na furaha kuliko watu wote wa Maparoni, jambo ambalo sasa naona lilikuwa kosa kubwa machoni mwa watu wenye njaa.

Mjomba na wenzake walikwenda kwa Fundi kupiga ramli wajue mvua imefungwa na nani. Ramli ikasema kuna kitu cheusi kimeshuka kutoka juu. Sishangai. Kijiji kizima kilikuwa kimenisikia nikipuliza hicho kitu cheusi. Mjomba akarudi nyumbani akiwa bado anafikiri, na Zuhura, masikini, akaona ndio wakati wa kusaidia. Akamwambia baba yake kwamba mimi nilikuwa naomba mvua isinyeshe.

Asubuhi yake nilisimamishwa uani mbele ya watu wazima. Nasema watu wazima, watu wenye ndevu, watu waliokuwa wakijua mvua inatoka wapi kwa sababu walikuwa wakisali mara tano kwa siku kwa Mwenye nayo. Mjomba akaniambia, "Sema mwenyewe. Uliomba nini?"

"Niliomba isinyeshe."

"Kwa nini?"

"Mti wa baba ukauke."

"Mmesikia," Mjomba akawaambia wenzake, kana kwamba nimekiri kuunywa mto.

Bibi alikuwa akipepeta pumba, maana mchele haukuwepo. Hakuinua uso. "Selemani," akasema, "huyu mtoto ukimpa uji kwenye kata anaumwaga kabla hajafika mlangoni. Ndio ataweza kushika mvua?"

Kuna waliocheka. Lakini Fundi hakucheka. Alikuwa kijana bado wakati ule, mrefu, mwenye sauti ya upole, na ile sauti ya upole ndiyo iliyowamaliza. Akasema, "Mama, watoto ndio wanaosikilizwa upesi." Akasema filimbi haina budi kwenda kuzamishwa pale maji matamu yanapokutana na chumvi, na kwamba yeye mwenyewe ataipeleka. Ila dawa haitashika kama kitu kimenyang'anywa. Lazima mwenyewe atoe kwa mkono wa kulia, aseme ametoa kwa radhi yake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, si pengine. Wangeninyang'anya ningelia yakaisha. Watoto wananyang'anywa vitu kila siku. Lakini walitaka niwape, na niseme nimependa. Nilisimama nimeing'ang'ania kifuani. Mjomba akasema usiposema, mpunga wa Bibi yako utaungua na mwakani tena, kwa ajili yako. Nikamtazama Bibi. Mikono yake ilikuwa imekonda mpaka bangili yake ya shaba imeshuka inagonga ungo kila anapopepeta.

Nikatoa kwa mkono wa kulia. Nikasema, "Nimetoa kwa radhi yangu." Fundi akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopokea kitu kwa mkubwa mwenzake.

Haikupita wiki, mvua ikanyesha. Nataka niseme wazi, mvua ilikuwa inakuja. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa milimani tangu baba alipokuja, yeye mwenyewe alikuwa amelowa njiani. Lakini nani atamsikiliza mtoto. Maji matamu yakashuka, yakaisukuma chumvi, waliobakiwa na mbegu wakapanda tena, na jina la Fundi likapanda nalo. Watu walikuja kutoka visiwa vya mbali na kuku kwenye matenga. Alijenga nyumba ya bati, ya kwanza kijijini. Mimi nilikuwa nikipita pale nikienda kisimani, nasikia mvua inalia juu ya bati lake.

Mavuno ya mpunga ule wa pili yalipoisha ikafanywa ngoma ya shukrani, alasiri, uwanjani kwa Fundi. Bibi alinichukua. Nilikuwa nimekaa miguuni kwake natafuna kashata. Ngoma zilipopanda, Fundi akaingia katikati, akatia mkono ndani ya kanzu yake, akatoa filimbi yangu.

Hakuwa ameizamisha. Ilikuwa imefungwa shanga nyekundu na nyeupe shingoni, lakini kitu chako unakijua. Akaiweka mdomoni akapuliza. Ikatoa sauti ya ajabu, ya kukwaruza, kama mtu anayelia amezibwa mdomo. Wanawake wakaanza kutetemeka. Mmoja nyuma yangu akasema, pepo huyo analia, pepo huyo. Mimi niliangalia vidole vyake. Vilikuwa vinene, vya mtu mzima, na matundu yale yamepimwa kwa mkono wa mtoto wa miaka minane. Kidole kimoja kinakaa juu ya matundu mawili, kingine hakina pa kwenda. Pumzi ilikuwa inavuja kila mahali. Pepo hakuwepo.

Nikasimama. Sikujua kama nimesimama mpaka niliposikia sauti yangu. "Hiyo filimbi yangu. Alisema ataizamisha."

Ngoma zikanyamaza moja moja. Mjomba alikuja kunishika sikio, lakini Bibi akanyoosha mguu, na Mjomba asingeweza kuuruka mguu wa mama yake. Bibi akamwambia Fundi, "Baba, mpe apige. Kama si yake haitamkubali, sote tutaona."

Fundi akatabasamu akanipa. Nadhani aliniona mdogo, akajua nitalia. Nikaweka vidole. Nikapiga wito wa baba, sauti tatu, na filimbi ikatoa sauti safi kabisa, ya duara, kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi. Uwanja mzima ulisikia. Kuku walisikia. Hakuna mtu pale, mkubwa kwa mdogo, ambaye hakujua saa ile filimbi ni ya nani na imetengenezwa kwa vidole vya nani.

Fundi akageukia watu. "Mnaona?" akasema kwa ile sauti yake. "Kitu kinamjua. Ndiyo sababu hakiwezi kukaa kwake." Akaitwaa filimbi mikononi mwangu, akairudisha kwenye kanzu.

Nikawatazama. Nilikuwa nangoja. Mtoto anaamini kwamba watu wakishaona basi wameona. Mzee mmoja alikuwa anatafuta kitu mchangani kwa kidole cha mguu. Mwingine akakohoa. Zuhura akasema kwa sauti ndogo, "Lakini ni yake," mama yake akamfinya. Halafu mtu akapiga ngoma, wengine wakamfuata, shughuli ikaendelea. Mvua walikuwa wameipata. Hawakutaka kujua imepatikana vipi, na ukweli wa mtoto mmoja wa kike asiyekuwa na mama ulikuwa bei ndogo. Bibi alininyanyua tukaondoka, na njia nzima bangili yake nilikuwa naisikia.

Tangu hapo watoto wakakatazwa kucheza nami. Nilimtuma mtu wa vyungu kwa baba. Akarudi na jibu kwamba baba hakusema maneno mengi, ila amepandisha kipande kingine juu ya moto. Hicho cha pili hakikukauka kabla baba hajafariki. Nilipofika Mloka kumlilia niliuliza kiko wapi. Waliniambia kilitumika kuni, kupikia wali wa msiba.

Sikukaa Maparoni kuolewa na mtu wa kupangiwa. Bibi alipofariki nilihamia Kibiti nikakaanga vitumbua barabarani, nikauza mchele kwa kibaba, halafu kwa gunia, halafu nikanunua mashine. Yamenigharimu mgongo na magoti. Sikusaidiwa na mtu, na hilo nalisema nikiwa nimenyoosha shingo.

Sasa turudi msibani. Mnajua utaratibu, jeneza halijanyanyuliwa, mtu wa nyumba anasimama kuwauliza waliokuja. Mtoto mkubwa wa Fundi alisimama mlangoni akasema baba yao alikuwa binadamu, aliyemkosea amsamehe, na anayemdai ajitokeze. Wanaume wakaitikia, tumemsamehe. Wanawake ndani wakaitikia. Mimi nikasema, "Miye namdai."

Mama mmoja akanigusa goti, akaninong'oneza, "Bi mkubwa, si mahali pake." Nikamuuliza mahali pake ni wapi. Wameuliza wenyewe.

Yule kijana alinifuata baada ya maziko. Namwita kijana, ana mvi. Ana adabu, alinishika mkono akaniamkia, akakaa chini kwenye jamvi. Alidhani ni fedha, akasema nitaje tu. Nikamwambia si fedha, ni filimbi. Ikabidi nimweleze yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema vitu vya uganga vya mzee walivichoma zamani, sheikh aliwaambia ni shirki, wakavirundika uani na takataka wakavitia moto.

"Basi mlichoma kitu cha mtu," nikamwambia. "Na mpingo haushiki moto wa takataka. Rudi ukafukue lile jivu."

Akainamisha kichwa. "Bibi, miaka mingi hiyo. Toa radhi tu, mzee apumzike."

"Radhi yangu baba yako aliichukua nikiwa na miaka tisa," nikasema. "Nilimpa mbele ya watu, kwa mkono wa kulia. Mwambie aitumie hiyo."

Wameniletea watu. Ameletwa imamu, ameletwa mwenyekiti wa kijiji, amekuja hata Zuhura na fimbo yake, akakaa, akanywa chai, akasema ametumwa ila yeye hana la kusema, akaenda zake. Wengine wananiambia, mama, umejaliwa kila kitu, kijiti cha mtoto kitakuongezea nini. Nawajibu kwamba sihesabu nilichokosa. Nahesabu nilicho nacho, na vyote nimeandika hapa ili siku yangu ikifika mtu asije kusimama mlangoni kubahatisha.

Nina nyumba mbili Kibiti, moja naishi, moja ina wapangaji. Nina mashine ya kukoboa mpunga, inafanya kazi. Nina mashine nyingine, mbovu. Nina pikipiki ya kubebea magunia. Nina shamba la mpunga Chumbi, na minazi niliyoipanda mwenyewe. Nina mbuzi. Nina sanda yangu, nimeinunua, iko sandukuni. Nina filimbi moja ya mpingo, matundu sita. Iko kwao.